Mama mkwe aliyeingia chumbani

Kila asubuhi Kyakimwa alichukua njia ndefu. Kutoka jikoni alikolala hadi kwenye bomba la maji palikuwa karibu sana kama angepita mbele ya nyumba, lakini mbele ya nyumba ulikuwa mlango wa mkwe wake. Kwa hiyo alizunguka nyuma. Alipita kati ya migomba ya jirani, akaruka mfereji wa maji machafu, akainama chini ya kamba ya nguo, kisha akatokea barabarani huku kitenge chake kimelowa umande hadi magotini. Wakati wa kurudi alipita kulekule, ndoo ikiwa kichwani.

“Mama Kyakimwa,” jirani yake Agar alimwambia siku moja akiwa anakaanga mandazi, “siku moja utazunguka mupaka ufike kwenu Kipese.”

“Nikifika nitakutumia viazi.”

Kwao Kipese, mwanamke hakai lupango moja, yaani uwanja mmoja wa nyumba, na mume wa binti yake. Hali naye sahani moja, hamtazami usoni, halitaji jina lake, na mahali anapolala mwanamume huyo haingii kabisa. Miiko hiyo huitwa bukwe, na Kyakimwa alikuwa ameishika bila shida kwa sababu mkwe alikuwa mbali. Kisha silaha zikaanza kulia upande wa Kipese. Kyakimwa, ambaye alikuwa mjane, akaacha shamba la viazi likiwa bado halijavunwa, akateremka Butembo na godoro kichwani, akafika kwa Falonne, binti yake wa mwisho. Mume wa Falonne, Luc Lusenge, fundi wa radio sokoni, alimjengea ukuta wa mbao jikoni ili apate pa kulala. Naye Luc alijua adabu. Akisikia sauti ya mama mkwe uani, aligeukia ukuta, hata kama alikuwa anakula.

Hivyo wote watatu waliishi mwaka mzima, wawili kati yao wakikwepana katika uwanja ambao mbuzi wawili wangegongana. Falonne alizoea kuwa mlango wa katikati. “Ambia bwana yako mvua inapita kwa paa ya jikoni.” “Ambia mama nitapanda kesho.” Yeye alipeleka maneno na kuyarudisha, hakuongeza lake. Hakuwa mtu wa kuuliza mambo. Alikuwa na mimba ya kwanza, mwezi wa nane, na alitembea akiwa ameshika kiuno.

Wakati huo Luc alikwenda Beni kutafuta vipuri, akakwama. Barabara ilifungwa na wanajeshi, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Beni ilikuwa imejaa watu waliokimbia kutoka upande wa Mambasa. Luc alilala katika ukumbi wa kanisa pamoja na familia za wakimbizi, watoto wao wakijikuna mgongoni usiku kucha. Alipopata lori la kumrudisha, karibu mwezi ulikuwa umepita. Alifika Butembo alasiri, amekaa juu ya magunia ya makayabo, akinuka samaki wa chumvi. Akashuka, akaketi kwenye ngazi ya mlango wake, akaomba maji bila kusalimu mtu.

Falonne alikuwa anampelekea kikombe sauti ya mama yake iliposikika kutoka nyuma ya mbao za jikoni.

“Falonne. Weka kikombe chini, rudi nyuma. Ule mutu iko na homa, minaisikia mu sauti yake.”

Falonne akaweka kikombe chini. Usiku ule alilala na mama yake jikoni. Asubuhi uso wa Luc, kifua na mikono vilikuwa vimejaa vipele vyenye maji, kama mtu aliyenyunyiziwa mafuta ya moto.

Agar alikuja kuchungulia juu ya ua wa matete, akashika mdomo.

“Mais Falonne, hii hapana ugonjwa ya dawa. Siku ya masasi, si mulilala bote mu chumba moja?”

Ilikuwa kweli. Miezi michache kabla ya hapo risasi zililia karibu na soko mchana kweupe, na wote watatu walijitupa chini katika chumba cha Luc, Kyakimwa uso kwenye sakafu, miguu yake karibu na kichwa cha mkwe. Risasi ziliponyamaza, alitoka kinyumenyume, na kwa siku kadhaa hakula vizuri.

“Mukwe akiona mukwe, ngozi ndiyo inasema,” Agar aliendelea. “Kwetu tunajua.”

Kyakimwa alikuwa anachambua maharage. Mkono ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Ésaïe, muuguzi wa zahanati ya mtaa, alifika mchana na baiskeli yake. Aliingia kwa Luc, akakaa kidogo, akatoka akifuta miwani.

“Iko varicelle,” alisema. “Tetekuwanga.”

“Si bukwe?” Agar aliuliza kutoka ng’ambo ya ua.

“Bukwe haina microbe, Mama Agar.” Kisha akamgeukia Falonne na kutazama tumbo lake. “Ya mwezi ngapi?”

“Nane.”

“Weye uliugulaka tete?”

Falonne akatazama jikoni. Mama yake ndiye aliyejibu kutoka nyuma ya mbao.

“Hapana. Huyu aliugua surua tu.”

Ésaïe alivuta kigoda akaketi, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, maana zahanati ilikuwa imejaa wakimbizi na majeruhi. Alieleza polepole. Ugonjwa huu kwa mtoto ni mchezo, kwa mtu mzima si mchezo: unaweza kushuka kwenye mapafu. Kwa mwanamke aliye karibu kujifungua ni mbaya zaidi. Ukimpata siku zile za uchungu, mtoto anaweza kuzaliwa nao, na mtoto mchanga hana nguvu za kupigana nao.

“Donc weye, hapana ingia mule. Hata nguo yake, hapana gusa. Utalala kwa Mama Agar, batoto bake balikwisha kupona mwaka jana. Lakini ule bwana hawezi kubaki yeye peke yake. Ni nani hapa aliugulaka hii ugonjwa?”

Mama yake Luc alikuwa amekufa, na ndugu zake walikuwa Kanyabayonga, ng’ambo ya mstari wa vita, ambako hata salamu zilichukua miezi. Agar alianza kutazama mandazi yake. Hata kama hakuogopa bukwe, mume wake asingekubali amwogeshe mume wa jirani.

“Miye,” ilisema sauti ya jikoni.

Ésaïe aligeuka. “Weye, mama mukwe?”

“Uliuliza nani aliiugula. Minakujibu. Miye.”

“Ulikuwa na miaka ngapi?”

“Kwetu nani alikuwa anahesabu?”

Agar alicheka kwanza, kisha akakumbuka. “Na utaingia kwa mukwe namna gani?”

“Na miguu.”

Ésaïe alimwachia dawa ya homa, na unga wa zambarau wa kuchanganya na maji ya kuogea, akapanda baiskeli yake. Falonne alifunga nguo zake katika kitenge, akahamia kwa Agar. Kutoka hapo, kupitia matete ya ua, aliona mlango wa nyumba yake, dirisha la chumba, na mama yake amesimama katikati ya uwanja kama mtu anayengoja kivuko.

Siku ile ya kwanza Kyakimwa hakuingia. Alipika uji, akauweka kwenye ubao, akausukuma hadi kizingitini kwa mti wa kuanikia nguo, akarudi nyuma na kugeuka. Alingoja. Ndani, Luc alikohoa. Kuku wa Agar wakapita chini ya ua, wakafika kwenye uji kabla yake. Kyakimwa akawafukuza, akapika mwingine, akausukuma tena. Safari hii Luc alijaribu kuja. Falonne alisikia kitu kizito kikianguka ndani.

Kyakimwa alibaki amesimama. Falonne aliona mgongo wake tu, na mikono yake ikifunga kitenge upya kiunoni, ingawa hakikuwa kimelegea. Kisha alipita mbele ya nyumba, mahali ambapo mguu wake haukuwahi kupita tangu aje Butembo isipokuwa siku ile ya risasi, akainama mlangoni, akaingia.

Yaliyofuata Falonne aliyasikia zaidi kuliko kuyaona, maana dirisha la chumba lilitazama ua wa Agar, na lilikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Mama mkwe na mkwe walikuwa sasa chumba kimoja, lakini bado hawakuweza kuzungumza, na mlango wao wa katikati alikuwa nje ya ua. Walikaa nusu siku bila neno. Mwishowe Kyakimwa alipata njia. Mezani palikuwa na radio moja iliyofumuliwa, ya mteja fulani, waya zikining’inia kama utumbo wa kuku.

“Weye radio,” Falonne alimsikia akisema, “ambia ule mutu mwenye kulala pale akunywe uji.”

Sauti ya Luc ikajibu, kavu.

“Radio, ambia mama kinywa kiko na bidonda. Haipite.”

“Ambia yeye nimeiweka baridi.”

Agar, aliyekuwa amesimama nyuma ya Falonne na unga mikononi, alianguka kwenye kigoda kwa kicheko. “Hii radio, bwana yako hataitengeneza tena. Inafanya kazi muzuri hivi.”

Kuoga ndiko kulikokuwa vita. Luc alikataa kuvua shati. Alisema ataoga mwenyewe, na hakuweza hata kukaa. Alisema angojwe Ésaïe, na Ésaïe alikuwa na watu waliolala hadi kwenye veranda ya zahanati.

“Weye radio,” Kyakimwa alisema hatimaye, bila hasira, “ambia mutu huyu miye nilizaa batoto saba na kuzika bwana. Mugongo hauwezi kunishangaza. Kama anasikia haya, afunge macho. Miye pia nitafunga yangu.”

“Ukifunga macho utaniosha namna gani?” Luc alisema, na kwa mara ya kwanza hakumwambia radio.

Falonne hakusikia jibu. Baadaye mama yake alitoka na beseni la maji ya zambarau, akayamwaga mbali nyuma ya migomba. Tangu siku hiyo alimwogesha asubuhi na jioni. Alimkata kucha, na alipoona bado anajikuna usingizini, alimvisha soksi mikononi. Shuka alizichemsha katika sufuria kubwa uani. Chakula cha Falonne alikipika Agar. Kyakimwa hakutaka kitu chochote kitoke upande wake kwenda upande wa binti yake, hata chumvi. Kama Falonne alisogelea ua, alimwambia neno moja tu, “Mbali,” kama mtu anayefukuza mbuzi, na Falonne alirudi.

Mtaani maneno yalizunguka. Bombani wanawake walimpisha Kyakimwa achote kwanza, na haikuwa heshima. Mzee mmoja wa ukoo, Maliro, aliyekimbia naye kutoka Kipese, alikuja kusimama barabarani akasema kwa sauti ya kusikika kwamba vita vimekula mashamba, sasa vinakula na haya. Kyakimwa alikuwa anaanika shuka.

“Baba Maliro,” alisema, “karibu. Kama umekuja kumuogesha, beseni iko pale.”

Mzee alitazama beseni, akasema ana safari.

Kisha ikaja asubuhi ambapo kikohozi cha Luc kilibadilika. Falonne alikuwa amezoea kukisikia, kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani; sasa kilikuwa kifupi, kinakatika katikati. Mama yake akatoka mbio. Hakuvaa kitambaa cha kichwa. Alisimama mbali na ua, kama kawaida, lakini hakusema “mbali”.

“Ambia Agar aite Ésaïe. Sasa hivi. Ambia Luc anapumua mubaya.”

Falonne alisikia jina. Katika mwaka mzima mama yake alikuwa amesema “bwana yako”, “ule mutu”, “fundi”, na jina hilo halikuwahi kupita midomoni mwake. Alibaki amesimama akishika tumbo, hata Agar akamsukuma pembeni na kukimbia barabarani, mandazi yakiungua nyuma yake.

Ésaïe alikuja na sindano. Siku ile nzima na iliyofuata alipita mara kwa mara. Falonne alikaa nyuma ya matete. Kupitia dirisha aliona kichwa cha mama yake, kimekaa juu kidogo ya kitanda na hakisogei. Alikuwa amemketisha Luc, akamwegemeza kifuani mwake, mgongo wake kwenye kifua cha mama mkwe, kwa sababu akilala chini pumzi ilikataa. Walikaa hivyo. Hakuna aliyezungumza na radio. Agar alileta chakula cha Falonne, akatazama dirisha, akakaa naye bila kufanya mzaha.

Homa ilishuka polepole. Vipele vikakauka, vikawa vigaga vyeusi, vigaga vikaanza kudondoka. Luc akatoka kuketi juani, amekonda, uso una madoa kama ndizi iliyoiva. Ésaïe alimgeuza huku na huku, akasema amepona, nyumba ioshwe yote, kisha Falonne arudi.

Falonne alirudi kwake. Alipofika, kitanda cha jikoni kilikuwa kitupu. Mama yake alikuwa amehamisha godoro lake hadi pembeni mwa lupango, katika kibanda ambamo Luc alitupa mabati na magamba ya radio.

“Moshi ya jikoni inaniumiza macho,” alisema kutoka mlangoni mwa kibanda. “Chakula yangu weka pale juu ya jiwe. Nitakuja kuitwaa.”

Falonne akaweka chakula juu ya jiwe. Mama yake akangoja hadi aondoke ndipo akaja. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo, na iliyofuata pia. Alichota maji kwa ndoo yake peke yake. Falonne akitoka, yeye aliingia. Agar alikuwa na maelezo: aibu. Mtu anaweza kuvunja bukwe kwa lazima, alisema, lakini baada ya hapo ni lazima akae na aibu yake moyoni, na afadhali akae nayo mbali. Luc alisema pengine mama anangoja wazee wamletee kuku wa kutengeneza mambo, naye yuko tayari kumnunua. Falonne aliona maneno yao yana maana. Lakini mwanamke wa Kipese akizaa kwa mara ya kwanza, mama yake ndiye anayemshika mabega. Hilo alilingoja tangu mimba ilipoanza, na lilikuwa faida pekee aliyoiona katika vita: kwamba vilimletea mama yake karibu kabla ya siku hiyo.

Uchungu ulimshika asubuhi, kabla ya wakati alioutaja Ésaïe. Alitembea hadi nusu ya uwanja, akainama.

“Mama.”

Kyakimwa alitoka kibandani, akasimama hapohapo mlangoni. Alikuwa amejifunika kitenge hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

“Nenda na Agar,” alisema.

“Mama, imeanza.”

“Minaona. Nenda na Agar. Agar anajua.” Kisha akaingia ndani, akavuta bati la mlango.

Falonne alikwenda na Agar, amekaa nyuma ya baiskeli iliyosukumwa na Luc. Njiani hakulia. Agar alimwambia mama yake ni mutu ya kichwa nguvu, na kwamba wote waliotoka Kipese ni hivyo, viazi vinawafanya hivyo. Katika nyumba ya uzazi ni mikono ya Agar iliyomshika mabega, mikono yenye harufu ya mafuta ya mandazi, na ilishika vizuri. Mtoto alikuwa msichana, mdogo, mwenye sauti. Mkunga alimkagua ngozi yote, vidole, nyuma ya masikio, akasema ni safi.

Walipomrudisha Falonne nyumbani, Luc hakuwa barabarani kuwapokea. Agar alifungua ua. Uwanjani palikuwa na sufuria kubwa inachemka, shuka ndani yake. Luc alikuwa anatoka kibandani, ameinama, na beseni la maji ya zambarau mikononi.

“Simama pale,” alimwambia Falonne. “Na mutoto. Hapana karibia.”

Nyuma yake, bati la mlango lilikuwa wazi. Kyakimwa alikuwa ameketi kwenye godoro, kitenge kimeshuka mabegani. Paji la uso, mashavu, shingo, kote palikuwa na vipele vyenye maji, vingine vimepasuka. Luc alikuwa amemvisha soksi mikononi. Alipumua taratibu, mdomo wazi kidogo.

Agar alimshika Falonne mkono, asisogee.

Falonne alisimama pale alipoambiwa. Alimgeuza mtoto, akafungua nguo usoni, akamwinua ili aonekane kutoka mbali. Mama yake alitazama kwa muda mrefu, akiwa amekunja macho kwa sababu ya jua.

“Iko na pua ya baba yake,” alisema.

Luc alimwaga maji nyuma ya migomba, akarudi, akapita kati yao, akaingia kibandani bila kukohoa wala kugeuka, akachukua kikombe cha uji na kuketi karibu na godoro. Kyakimwa alikunywa kidogo. Falonne alikuwa bado amemshika mtoto juu. Mikono ilianza kumuuma, akamshusha kifuani.

“Mama,” alisema. “Siku ile Ésaïe alituuliza nani aliiugulaka. Ulijua kama weye haukuiugulaka?”

Kyakimwa alisukuma kikombe pembeni kwa mkono wenye soksi.

“Nilijua,” alisema.